Ekojenisiti: mwongozo kamili wa neno linalowakosesha watu usingizi kwenye ripoti ya altrasaundi

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne, na neno moja katikati yake limepigiwa mstari wa kalamu mara mbili mpaka karatasi ikaanza kutoboka. "Mwanangu," mama aliyeishika aliniambia, "usinifiche. Hili neno ni kansa?" Neno lenyewe lilikuwa haipoekoiki. Alikuwa amelitafuta kwenye simu usiku kucha, na simu ikamjibu kama simu zinavyowajibu watu wenye hofu saa nane za usiku.

Kazi yangu ni kupima altrasaundi, na huyo si wa kwanza wala wa mwisho. Haipoekoiki na ndugu zake watatu ni maneno ya ukoo mmoja, ukoo wa ekojenisiti, na hakuna hata moja kati yao lililo jina la ugonjwa. Ni maneno ya kulinganisha, kama "mrefu" na "mfupi". Ukiambiwa kijana fulani ni mrefu, unauliza mrefu kuliko nani. Shika swali hilo moja, kuliko nini, nawe utaisoma ripoti yako vizuri kuliko wengi.

Hatua ya 1: Anza na mwangwi

Piga ukelele mbele ya jabali, sauti itakurudia. Piga ukelele ule ule kwenye uwanda mtupu, itapotea. Mashine ya altrasaundi inafanya hivyo hivyo, ila kwa sauti nyembamba ambayo sikio halifiki. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na proba tunayoipitisha juu ya ngozi kwa kawaida hutumia kati ya milioni 2 na milioni 15. Ndani ya proba mna fuwele zinazogeuza umeme kuwa mtetemo na mtetemo kuwa umeme, tabia iliyoonyeshwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880 na 1881.

Proba hutuma mlio mfupi, kisha hunyamaza na kusikiliza. Mashine huchukulia kwamba sauti inasafiri mwilini kwa mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi ukirudi baada ya sehemu 13 za milioni ya sekunde, inajua umetoka sentimita moja ndani. Muda wa kurudi unaiambia mahali pa kuweka nukta kwenye skrini, na nguvu ya mwangwi inaiambia nukta hiyo iwe nyeupe kiasi gani. Mwangwi mkali ni nukta nyeupe, mwangwi hafifu ni kijivu, na mwangwi usiporudi hubaki weusi.

Mwangwi huzaliwa mpakani, pale tishu ya aina moja inapokutana na ya aina nyingine. Mkojo ndani ya kibofu ni ule ule kutoka ukuta hadi ukuta, hauna mpaka ndani yake, basi huonekana mweusi tititi. Ini lina mipaka midogo isiyohesabika, nalo huonekana kijivu chenye chengachenga. Hewa hurudisha karibu sauti yote, na mfupa na jiwe hurudisha nyingi na kumeza kubwa ya iliyobaki. Ndiyo maana tunakupaka jeli ya baridi: hata utando mwembamba wa hewa kati ya proba na ngozi ungezuia sauti isiingie kabisa.

Ekojenisiti, basi, ni uwezo wa tishu kurudisha mwangwi. Maana ya neno inaishia hapo, iliyobaki ni matumizi.

Tofauti hiyo ya weusi na weupe iliwahi kuokoa maisha kabla hata mashine hazijawa na rangi ya kijivu. Mwaka 1955 daktari wa wanawake wa Glasgow huko Uskoti, Ian Donald, alipakia kwenye gari uvimbe uliotolewa kwenye upasuaji, akaupeleka kwenye kiwanda kilichotumia altrasaundi kutafuta nyufa kwenye vyuma. Palikuwa na kipande cha nyama ya ng'ombe cha kulinganishia. Uvimbe wa maji ulipitisha sauti kimya na uvimbe wa nyama ulirudisha mwangwi. Baadaye akampima mwanamke aliyekwisha kuambiwa kwamba ana kansa ya tumbo isiyotibika. Katikati hapakuwa na mwangwi. Ulikuwa mfuko mkubwa wa maji kwenye ovari, ukatolewa, mama akapona. Donald na wenzake walichapisha kazi yao mwaka 1958. Vivuli vya kijivu vilienea kwenye skrini miaka ya 1970, na hapo ndipo maneno ya kupima kiwango cha mwangwi yalipopata kazi kubwa.

Hatua ya 2: Wajue ndugu wanne kwa herufi za mwanzo

Ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza, hivyo tazama herufi za mwanzo kabla ya "echoic".

Likianza na "an-" ni anekoiki: mwangwi hakuna, picha nyeusi. Hii ni sura ya kimiminika safi, kama mkojo, nyongo, maji ya uzazi na damu inayopita kwenye mshipa.

Likianza na "hypo-" ni haipoekoiki: mwangwi ni mchache kuliko wa jirani. Kiswahili kinatusaidia kidogo hapa, maana ukisikia "haipo" unakumbuka upungufu. Usivuke mpaka tu. Mwangwi umepungua, haujakosekana. Ukikosekana kabisa tunarudi kwenye anekoiki.

Likianza na "hyper-" ni haipaekoiki: mwangwi ni mwingi kuliko wa jirani, na picha inang'aa. Wengine huandika kwa kifupi kwamba kitu ni "ekojeniki" wakimaanisha jambo lile lile.

Likianza na "iso-" ni aisoekoiki: mwangwi sawa na wa jirani. Huyu ndiye mjanja wao, kwa sababu uvimbe wa aina hii hujificha. Hatuuoni kwa rangi. Tunaukamata kwa ukingo wake, au kwa jinsi ulivyosukuma mshipa wa jirani pembeni.

Kwa simu, haipo na haipa husikika karibu sawa. Ukisomewa matokeo kwa simu, omba utajiwe herufi. Nimewahi kumpokea mtu aliyekuja akiamini ana uvimbe mweusi kwenye ini, kumbe wake unang'aa, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Hatua ya 3: Tafuta "kuliko nini"

Hatua hii ndiyo yenye uzito, tusiikimbie.

Altrasaundi haina kipimo cha namba cha weupe kinachotumika siku zote. Hakuna mashine inayosema "ini hili ni 47". Kinachofanyika ni kulinganisha viungo viwili vilivyo kwenye picha moja, kwa kina kilekile. Kwa mtu mzima mwenye afya, mpangilio unajulikana. Ukianzia penye kung'aa unakutana na mafuta ya katikati ya figo, kisha kongosho, kisha wengu, kisha ini, kisha tabaka la nje la figo, kisha piramidi zilizo ndani ya figo, na mwisho kabisa nyongo na mkojo. Wengu na ini hukaribiana sana. Kongosho huzidi kung'aa kadiri mtu anavyozeeka, kwa hiyo kongosho jeupe la mzee wa miaka 75 halinishtui.

Mpangilio ukivurugika, hapo ndipo pa kusoma kwa makini. Chukua ini na figo la kulia, majirani wanaogusana na kuonekana kwenye picha moja. Kwa kawaida ini ni sawa na figo au linang'aa kidogo tu. Ini likiwa jeupe waziwazi kuliko figo, tunashuku mafuta kwenye ini. Mafuta yakiwa ya wastani, kuta za mishipa midogo ndani ya ini huanza kufifia. Yakiwa mengi, sauti hufifia njiani na hata kiwambo, msuli wa kupumulia ulio nyuma ya ini, hakionekani vizuri. Madaraja ya 1, 2 na 3 unayoyaona kwenye ripoti yametokana na ngazi hizo.

Sasa geuza. Figo likiwa jeupe kuliko ini, mwenye shida anaweza kuwa figo. Tabaka la nje la figo kung'aa kupita ini ni dalili inayoonekana sana kwa wenye ugonjwa sugu wa figo. Ila tazama mtego: mtu mwenye mafuta kwenye ini NA ugonjwa wa figo anaweza kuonekana na picha "ya kawaida", kwa sababu wote wawili wamepanda pamoja. Na kichanga aliyezaliwa juzi figo lake linaweza kung'aa kama ini bila ugonjwa wowote.

Kila mahali pana jirani wake wa kulinganishwa. Kivimbe cha titi hulinganishwa na mafuta ya titi, kivimbe cha tezi ya thairoidi na tishu ya tezi yenyewe, faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi usio kansa, na msuli wa kizazi. Utumbo wa mtoto aliye tumboni hulinganishwa na mfupa wake. Ripoti ikiandika haipoekoiki bila kutaja jirani, jirani ni kiungo ambamo kitu hicho kimekaa.

Hatua ya 4: Tazama nyuma ya kitu

Sauti ikizuiwa, nyuma yake panabaki giza, kama kivuli cha mti. Jiwe la nyongo huonekana kama tao jeupe lenye mstari mweusi unaoteremka chini yake. Mgonjwa akilala upande, jiwe hubiringika. Polipu, kinyama kilichoota kwenye mfuko wa nyongo, nayo inaweza kung'aa, lakini imeshikamana na ukuta, haibiringiki, na kwa kawaida haina kivuli. Weupe unaweza kuwa ule ule kwa zote mbili, ila kilicho nyuma yake kinazitenganisha. Vijiwe vidogo sana hukosa kivuli mara nyingine, na hapo tunabaki kubishana.

Kinyume chake, sauti inayopita kwenye maji haichoki, hivyo tishu iliyo nyuma ya maji hung'aa kuliko ya pembeni. Ripoti ikisema anekoiki, ukuta mwembamba na laini, na mng'ao nyuma yake, imekuambia kwa maneno matatu kwamba huo ni mfuko wa maji wa kawaida. Hayo matatu yakikamilika kwenye figo, mara nyingi hatuendelei na uchunguzi wowote.

Hatua ya 5: Soma neno pamoja na majirani zake kwenye sentensi

Turudi kwa mama wa karatasi. Sentensi yake yote ilisema: tezi ya limfu shingoni, umbo la yai, ukingo haipoekoiki, kiini haipaekoiki. Alipigia mstari neno moja akaacha mengine. Tezi ya limfu yenye afya ndivyo ilivyo: ukingo mwembamba wa kijivu cheusi na kiini cheupe cha mafuta. Kiini kikipotea na tezi ikawa mviringo kama mpira, ndipo tunapokaa sawa kwenye kiti. "Kwa hiyo nimekesha bure?" akaniuliza. "Umekesha kwa nusu ya sentensi, mama," nikamwambia.

Kwenye titi, faibroadenoma, uvimbe usio na madhara unaowapata sana wasichana, huwa haipoekoiki. Kansa nyingi za titi nazo huwa haipoekoiki. Kwa hiyo neno hilo peke yake halitenganishi chochote. Kinachotenganisha ni ukingo kuwa laini au wenye miiba, umbo kuwa la kulala au la kusimama, na kilicho nyuma yake. Kwenye ini, hemanjioma, fundo la mishipa ya damu ambalo mara nyingi halihitaji tiba, kwa kawaida hung'aa. Hapo weupe ni habari ya kutuliza, ingawa kwa mtu mwenye ugonjwa sugu wa ini hatuupokei kirahisi hivyo.

Kwenye thairoidi neno hili limepewa alama kabisa. Mfumo wa TI-RADS uliotolewa na Chuo cha Radiolojia cha Marekani mwaka 2017 hutoa alama zinazopanda kadiri shaka ya kansa inavyopanda, nao unahesabu hivi: kivimbe anekoiki 0, haipaekoiki au aisoekoiki 1, haipoekoiki 2, na cheusi sana kuliko misuli ya shingo 3. Tuseme kivimbe chako ni kigumu chote, hiyo ni alama 2. Ni haipoekoiki, alama 2 nyingine. Ukingo laini, umbo la kulala, hakina chembe nyeupe: 0. Jumla 4, kundi la TR4. Kivimbe cha kundi hilo kinashauriwa kuchomwa sindano ya kuchukua chembe za kupima kikifika sentimita 1.5, na kufuatiliwa kikifika sentimita 1. Kikiwa na milimita 8 hakuna sindano. Kingekuwa aisoekoiki, jumla ingekuwa 3, TR3, na sindano ingesubiri hadi sentimita 2.5. Neno moja limesogeza sindano kwa sentimita nzima, basi usiliogope lakini usilidharau pia.

Kwa mjamzito, nukta nyeupe kwenye moyo wa mtoto huwatoa watu machozi. Ikiwa peke yake, na mengine yote yako sawa, haidhuru utendaji wa moyo. Mwulize daktari kama kuna alama nyingine iliyoonekana, maana jibu la hilo ndilo linaloamua kinachofuata.

Hatua ya 6: Ishuku mashine, na mpimaji pia

Nilipokuwa mwanafunzi niliandika "ini linang'aa, mafuta daraja la 2" kwa kijana mwembamba mwenye afya yake. Mwalimu hakusema kitu. Alinyoosha mkono, akazungusha kushoto kitufe cha geini, kile kinachoongeza mng'ao wa picha nzima, na ugonjwa ukapona mbele ya macho yangu. Mtu aliyepimwa kabla yake alikuwa mnene, nikawa nimeongeza geini ili nione, na nikasahau kuirudisha. Picha nzima ilikuwa imepauka, figo likiwemo. Ningelitazama figo ningejua, kwa kuwa geini hupandisha wote wawili kwa pamoja. Mimi nililitazama ini peke yake.

Pembe ya proba nayo hudanganya. Kano ya bega ikipigwa na sauti kwa pembe ya wima hung'aa kwa nyuzi zake. Proba ikiinama kidogo tu, kano ile ile huwa nyeusi kama iliyochanika. Mpimaji mzuri huinamisha proba huku na huku kabla ya kuandika.

Kwa upande wako, fuata masharti uliyopewa. Kwa tumbo la juu mara nyingi utaambiwa usile kwa saa 6 hadi 8, kwa sababu chakula hukamua mfuko wa nyongo na gesi hufunika kongosho. Kwa nyonga kupitia tumboni utaombwa ujaze kibofu. Kibofu kilichojaa ni dirisha jeusi linalopitisha sauti vizuri hadi kwenye kizazi.

Hatua ya 7: Usihamishe neno kwenye mashine nyingine

Eksirei na siti skani huongea lugha ya densiti, yaani kiasi cha mionzi kinachozuiwa. Siti skani ina namba zake, zilizopewa jina la Hounsfield: maji ni 0 na hewa ni −1,000. MRI huongea lugha ya intensiti, ukali wa ishara. Kwa hiyo haipodensi, haipointensi na haipoekoiki ni habari tatu tofauti. Mkojo ni mweusi kwenye altrasaundi, na mkojo huo huo ni mweupe pe kwenye picha ya MRI ya aina ya T2. Ukiona "nyeusi" kwenye ripoti moja na "nyeupe" kwenye nyingine, usidhani wataalamu wamegombana.

Hatua ya 8: Uliza, na kama wewe ndiye mwandishi, andika

Ukiingia kwa daktari, maswali yanayofaa ni machache. Kitu hiki kinalinganishwa na nini? Ni kigumu au ni maji? Ukingo wake ukoje? Kimebadilika tangu kipimo kilichopita? Hilo la mwisho ndilo watu wanalolisahau, nasi hatuwezi kulijibu kama picha za zamani zimebaki kwenye droo nyumbani. Njoo na ripoti zote, na picha pia, si karatasi ya maneno tu.

Na kwa wenzangu tunaoandika ripoti: mgonjwa ataisoma kabla ya daktari wake, na ataisoma usiku. Badala ya "kivimbe haipoekoiki, mm 12" tupu, maliza sentensi: "kivimbe cha mm 12, chenye mwangwi mdogo kuliko msuli wa kizazi, ukingo laini, hakina kivuli, sura ya faibroidi." Yanaongezeka maneno machache tu, na unaweza kuyachapa wakati mgonjwa anajifuta jeli.